Wanafunzi wa Starehe na Utumishi wao

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twataka kuwaeleza habari za skuli moja iliyo mjini Nairobi, na jinsi wanafunzi wake walivyofungamana na watu wa nchi kwa njia ya utumishi. Twaanza na hali ya mji wenyewe, maana asiyeijua hataweza kufahamu yaliyofuata.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1952, Serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari. Katika miaka iliyofuata wanaume wengi walitiwa kizuizini, na nyumba nyingi zikabaki hazina baba. Watoto wakaingia mjini, wakalala vichochoroni na masokoni, wakala walichookota. Na waliokosa cha kuokota, wengine waliiba. Watu wakawaogopa. Mwenye duka akimwona mtoto wa namna hiyo mlangoni pake, humfukuza kabla hajasema neno. Wala hatuwezi kumlaumu sana, maana naye alikuwa na mali ya kulinda.

Mwaka 1959 watu watatu, yaani Geoffrey Griffin, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, waliwafungulia watoto hao makao, yakaitwa Starehe. Mwanzo wake ulikuwa vibanda viwili vya mabati. Makao yakawa skuli, na skuli ikakua hata ikahesabiwa miongoni mwa zile zinazosifiwa sana kwa mitihani katika Kenya. Wito wake ni "Natulenge Juu". Wanafunzi wengi hawakulipa ada. Walisomeshwa kwa fedha za wafadhili.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya pili. Mtoto alishwaye, avikwaye na kusomeshwa bure huweza kuzoea kupokea hata akadhani kwamba mkono wake umeumbwa kwa kazi hiyo tu. Tena, akishinda mitihani, huweza kukisahau kabisa kichochoro alikotoka.

Dawa iliyotumiwa Starehe ni utumishi wa kujitolea. Wakati wa likizo wanafunzi huenda hospitalini, au katika ofisi za Serikali, au zahanati na skuli za vijijini, wakafanya kazi pasipo kudai mshahara. Kazi zenyewe si za fahari: kupanga karatasi, kubeba vitu, kumwonyesha mgonjwa mlango wa daktari. Lakini fikirini jambo hili. Yule mama aliyekuwa akikibana kikapu chake kwapani kila alipompita mtoto wa mtaani, sasa akifika hospitalini huenda akapokewa na kijana wa asili ile ile, amevaa sare, akimwamkia kwa adabu na kumtafutia mahali pa kuketi. Hotuba kumi za kuwatetea watoto hao zisingefanya kazi hiyo.

Waliomaliza kidato cha nne nao walitumika miezi kadhaa kabla ya kuendelea na mambo yao, na wengine wao walifundisha. Kumbukeni kwamba mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliwaita watu kwa neno Harambee, nao wanavijiji wakajenga skuli kwa fedha zao na mikono yao; huyu akauza mbuzi, yule akachukua mawe kichwani. Kuta zilisimama upesi kuliko walimu walivyopatikana. Kijana aliyekwenda kushika chaki katika skuli kama hiyo aliziba pengo kweli. Naye akaona kwa macho yake jinsi shilingi moja ya mkulima inavyopatikana.

Wako waulizao: je, utumishi huo ni wa hiari, ikiwa kila mwanafunzi atazamiwa kuufanya? Swali hilo ni la haki. Sisi twaona kwamba siku ya kwanza kijana huenda kwa kuwa ndiyo desturi ya skuli, na hiari, kama ipo, huonekana baadaye, mkubwa wa kazi asipokuwapo. Wengine husema kwamba kijana asiyelipwa humwondolea mtu mwingine mshahara, na ofisi ikajipatia tarishi wa bure. Neno hilo nalo ni zito, na kila mwenye kuwapokea vijana hao yampasa kulipima.

Griffin aliiongoza Starehe tangu mwaka 1959 hata alipofariki mwaka 2005. Mwaka huo huo wasichana nao walifunguliwa skuli yao ya Starehe.