Kiungo nambari tatu, kisha Enter

Haya basi wasomaji, kabla hamjaendelea fanyeni jaribio dogo. Sukuma kipanya kando, hata ukichomoe ukitaka, kisha fungua tovuti yoyote unayoitumia kila siku na ujaribu kufika unakotaka kwa kibodi peke yake. Tab ya kwenda mbele, Shift na Tab ya kurudi nyuma, Enter ya kufungua. Ukikwama usijilaumu. Wa kulaumiwa ni mtu kama mimi, yule aliyeitengeneza.

Mimi mwenyewe niliingia katika mambo haya bila kupenda. Mwaka jana kipanya changu kilikufa tarehe ishirini na kitu, na mnajua tarehe ishirini na kitu mfuko huwa vipi. Padi ya kugusa ya laptopu nayo ilikuwa imeharibika kitambo. Basi wiki nzima nikawa navinjari kwa kibodi. Siku ya pili nikafungua fomu ya maombi niliyomtengenezea mteja fulani, nikaijaza yote, nikabonyeza Tab ili nifike kwenye "Tuma". Tab ikairuka "Tuma" ikaenda zake kwenye viungo vya chini kabisa ya ukurasa. Nikarudi nyuma, ikairuka tena. Hapo ndipo nilipokumbuka barua pepe iliyokuja miezi kadhaa kabla, kutoka kwa mtumiaji mmoja asiyeona. Alisema amejaza fomu mara nne na hawezi kuituma, na siku ya mwisho ya maombi inakaribia. Nilikuwa nimemjibu ajaribu kivinjari kingine.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba. Nilitaka kujua ni lini wavuti ilianza kudhani kwamba kila mtu ameshika kipanya.

Kivinjari cha kwanza kabisa, alichoandika Tim Berners-Lee kule CERN mwaka wa 1990, kilikuwa na madirisha na kipanya, ni kweli. Lakini kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, na hizo zilikuwa ghali na chache. Kwa hiyo mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, Nicola Pellow, aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya kazi, akaandika kivinjari cha maandishi matupu ambacho kingeweza kuendeshwa karibu kwenye kompyuta yoyote. Hakikuhitaji kipanya wala picha. Maandishi yanashuka kwenye skrini, na kila kiungo kina nambari yake ndani ya mabano ya mraba. Ukitaka kiungo cha tatu unaandika 3, unabonyeza Enter, umefika. Asiyekuwa nacho aliweza kuingia kwenye kompyuta ya CERN kwa telnet na kukitumia huko huko. Yaani kwa wengi wa watu wa mwanzo, wavuti ilikuwa ni kuandika nambari.

Mwaka wa 1992 Lynx ikazaliwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, kwa ajili ya habari za chuo, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na wavuti. Yenyewe iliachana na nambari ikatumia mishale: chini unakwenda kiungo kinachofuata, kulia unakifungua, kushoto unarudi ulikotoka. Mmoja wa waandishi wake, Lou Montulli, baadaye alikwenda Netscape na ndiye aliyetuletea vidakuzi mwaka wa 1994 (mkiona yale madirisha ya "kubali vidakuzi vyote" mjue pa kupeleka malalamiko). Lynx ingali hai hadi leo. Niliisakinisha wiki ile ile nikafungua fomu yangu. Masanduku yote ya kujaza yalionekana sawasawa, lakini "Tuma" ilikuwa neno tu limekaa peke yake, halibonyezeki. Lynx ilikuwa inanieleza ukweli: sikuwa nimeweka kitufe. Nilikuwa nimeweka div, nikaipaka rangi ya kijani, nikaifundisha kusikiliza kipanya.

Mosaic ilipotoka mwaka wa 1993, ikiweka picha katikati ya maandishi, watu walihamia kwenye kipanya na siwalaumu. Lakini kuna jambo moja la huyu kipanya lililonishangaza. Douglas Engelbart alipomwonyesha hadharani San Francisco, Desemba 1968, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kipanya na wa kushoto kwenye kijibodi cha vitufe vitano cha kutoa amri. Mkono mmoja uonyeshe, mwingine useme. Kile cha mkono wa kushoto hakikufika madukani.

HTML 4.0 ya mwaka wa 1997 ilijaribu kutusaidia kwa accesskey, ambapo mwenye tovuti anachagua herufi ya njia ya mkato. Herufi hizo ziligongana na za kivinjari chenyewe, na kila tovuti ilikuwa na zake. Wachache walizizoea.

Kilichotuumiza zaidi ni kitu kidogo mno: ule mstari unaozunguka kiungo ukikifikia kwa Tab. Wasanifu wengi waliuona mchafu. Mwaka wa 2007 Eric Meyer alitoa faili yake maarufu ya CSS ya kufuta mitindo yote ya kivinjari, na ndani yake mstari huo ulifutwa, kukiwa na maelezo pale pale kwamba mkumbuke kuweka wenu. Watu walinakili faili, maelezo wakayaruka. Katika toleo la mwaka wa 2011 sehemu hiyo aliiondoa, lakini ilikuwa imeshasambaa. Niliikuta ndani ya kazi yangu mwenyewe, na sijui niliinakili wapi.

Wapenzi wa vi hawakukubali kushindwa. Bill Joy aliiandika mwaka wa 1976 kwenye kifaa cha ADM-3A, ambacho mishale yake ilikuwa imechorwa juu ya h, j, k na l, na ndiyo sababu vidole vyetu viko hapo mpaka leo. Mwaka wa 2007 Martin Stubenschrott akaileta tabia hiyo ndani ya Firefox kwa programu-jalizi ya Vimperator. Unabonyeza f, na kila kiungo kwenye ukurasa kinavaa... nambari! Unaandika 3, umefika. Nilicheka peke yangu nilipoliona hilo, maana ni kivinjari cha Nicola Pellow kimerudi. Firefox 57 ya Novemba 2017 iliua programu-jalizi za mtindo wa zamani, Vimperator ikiwemo, lakini Vimium na Tridactyl zinaendeleza kazi. (Chrome nayo ilikuwa imetunyang'anya Backspace ya kurudi nyuma mwaka wa 2016, kwa sababu watu walikuwa wakipoteza fomu walizojaza. Tumia Alt na mshale wa kushoto.)

Lakini kwetu sisi hiyo ni starehe. Kwa anayetumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2006, kibodi ndiyo wavuti yenyewe: H inamrusha kwenye kichwa kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe. Alipobonyeza B kwenye fomu yangu, NVDA haikuwa na kitufe cha kumtajia. Mwongozo wa WCAG 2.0 ulishasema tangu Desemba 2008 kwamba kila kitu kwenye ukurasa kiwezekane kwa kibodi. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuusoma.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Nilifuta div, nikaandika button, nikaurudisha ule mstari. Kisha nikamwandikia yule mtumiaji nikaomba radhi, nikamweleza kuwa kivinjari chake hakikuwa na kosa lolote. Alijibu jioni ile: ya sasa inakwenda vizuri, lakini siku ya mwisho ilipita zamani, na je, kalenda ya kuchagua tarehe ya kuzaliwa nayo nimeijaribu?

Sikuwa nimeijaribu. Ukiingia kwa Tab hutoki.