Mchuzi mzito wa karanga na samaki wa moshi: kazi inaanzia kwenye ungo

Kasongo na Kabambare, mchuzi mzito kama maziwa hautoki kwa ng'ombe, unatoka kwa karanga. Samaki wa moshi, awe wa Lualaba ao wa Luama, anaoshwa kwa maji moto na kutolewa miba. Kitunguu na tomati vinakaangwa kidogo mu mafuta ya ngazi, kisha samaki anaingia pamoja na maji.

Karanga zilizokaangwa na kutwangwa hazitupwi hivi hivi ndani ya sufuria. Zinakorogwa kwanza pembeni na maji ya uvuguvugu, la sivyo zinafanya madonge. Halafu moto mdogo, mwiko usilale, karibu nusu saa, mpaka mafuta yapande juu. Chumvi mwishoni, maana samaki huyu mara nyingi ameshatiwa yake.

Lakini mchuzi unaweza kuharibika mbele ya moto kuwashwa. Karanga zilizoanikwa vibaya zinashika kuvu, na kuvu hiyo inaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani kwa macho, kuchemsha hakuimalizi, na inaharibu ini. Ilijulikana baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, kwa sababu ya chakula chenye mashudu ya karanga.

Kwa hiyo karanga zichaguliwe mbele ya kukaangwa. Zenye kuvu, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi: zote zitupwe, hata kuku wasipewe. Zikishatwangwa, mbovu na nzima zinafanana. Ndiyo maana anayenunua sokoni afadhali achukue nzima, atwange mwenyewe.