Diski Mbili katika Waya Mmoja: Kompyuta Kuukuu kama Chanzo cha Historia, Kingerikiti

Wakati wa ukusanyaji wa data huko Kingerikiti, katika nyanda za juu za Wilaya ya Nyasa, mtafiti alikabidhiwa kompyuta ya mezani iliyokuwa imekaa stoo kwa miaka mingi. Waliokuwa wakiitumia walieleza kuwa ndani yake mna orodha za wakulima wa kahawa, kilo walizopima na malipo waliyopokea. Madaftari ya miaka hiyo hayakupatikana. Kwa hiyo swali la nani alilipwa kiasi gani liligeuka kwanza kuwa swali la kifundi: je, diski zilizomo zitasomeka?

Mashine ilipofunguliwa ilionekana kuwa na diski ngumu mbili za vizazi tofauti, zimeungwa katika waya bapa mmoja. Mchanganyiko huo una historia yake. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na hata zuio lilipolegezwa, mashine nyingi zilizofika vijijini zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Aliyepungukiwa nafasi aliongeza diski iliyopatikana, hakununua kompyuta mpya. Umeme wa gridi ya taifa nao ulifika Songea mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, kompyuta ya huku iliishi kwa jenereta na kwa subira.

Muungano wa aina hii, unaoitwa IDE, ulibuniwa katikati ya miaka ya 1980 na kampuni za Western Digital na Compaq. Waya wake una matundu 40, na ukingo wenye mstari mwekundu huelekezwa kwenye pini ya kwanza. Unabeba diski mbili, na kila moja hutambulishwa kwa kibanio kidogo, jampa, kinachowekwa nyuma yake. Lugha ya viwandani iliziita diski hizo bwana na mtumwa. Katika eneo ambalo misafara ya watumwa ilipita kutoka Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa, maneno hayo hayapiti kirahisi. Kijana aliyemsaidia mtafiti alisema “kaka na mdogo wake”, na ndivyo tulivyoziita hadi mwisho. Isitoshe, istilahi ya zamani ni potofu hata kiufundi, kwani diski ya kwanza haiitawali ya pili: kila moja ina saketi yake ya kujiongoza. Viwango rasmi huzitaja kuwa kifaa 0 na kifaa 1 tu. Mwaka 2003 Kaunti ya Los Angeles iliwaomba wauzaji wake waache maneno hayo.

Tatizo la kwanza lilikuwa jepesi. Jampa zote mbili zilikuwa zimewekwa pa kaka, na mashine haikuiona diski yoyote. Tuliiondoa diski mpya, tukaiacha ya zamani peke yake, ikaonekana.

La pili ndilo lililokuwa la hatari. Kompyuta za wakati ule huhifadhi vipimo vya diski katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo kwenye ubao mkuu. Betri ilikuwa imekufa. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma na vipimo vimefutika. BIOS, yaani programu ya awali ya mashine, ilijipimia upya na kuchagua vichwa 16 na sekta 63. Lebo ya diski, hata hivyo, ilisema silinda 989, vichwa 15 na sekta 56, yaani takriban megabaiti 425. Tofauti hiyo si ya mapambo. Kizigeu cha diski kilianza kwenye kichwa cha pili cha silinda ya kwanza. Kwa vipimo vya lebo mahali hapo ni sekta ya 56, lakini kwa vipimo vipya ni sekta ya 63. Mashine ilitafuta mlango sekta saba mbele yake, ikakuta data isiyoeleweka, ikatangaza kuwa diski haijaandaliwa.

Fundi wa kwanza kuombwa ushauri alipendekeza diski iandaliwe upya. Ushauri huo ni wa kawaida, na kwa mtu anayetaka mashine ifanye kazi una mantiki. Kwa mwanahistoria ni sawa na kuuchoma mswada kwa kuwa umeshikwa kichwa chini. Naamini kumbukumbu nyingi za vyama na parokia za mkoa huu zimepotea hivyo, na si kwa kuharibika kwa diski zenyewe.

Tuliandika vipimo vya lebo kwa mkono katika BIOS. Mafaili yakaonekana. Kabla ya kufungua hata moja, diski ilihamishiwa kwenye kompyuta nyingine na kunakiliwa sekta kwa sekta pasipo kuandikwa chochote juu yake. Nakala hiyo ndiyo iliyochambuliwa.

Orodha za kahawa zimo, zenye majina, kilo na sahihisho zilizofanywa baada ya malipo, jambo ambalo stakabadhi za wakulima hazionyeshi. Zinakoma pale diski ya pili ilipoongezwa. Diski hiyo, ilipopewa umeme, ilitoa mlio wa kugongagonga. Ilizimwa mara moja na haijawashwa tena. Sura inayofuata inategemea ya kwanza pekee.