Barabara kuu zilivyobadilisha safari na likizo za Wamarekani

Anayeishi kando ya barabara kuu anajua kwamba magari yakisimama, biashara inakwenda. Yakiacha kupita, duka linafungwa. Marekani imeyaona yote mawili ndani ya miaka mia moja. Katika makala hii tunaeleza jinsi gari na barabara zilivyobadilisha namna watu wa nchi hiyo wanavyosafiri, wanavyopumzika na wanavyojiburudisha.

Kabla ya gari

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mmarekani wa kawaida aliyetaka kutembea aliishia pale reli ilipomfikisha. Watu wa New York walikwenda Coney Island, ufukweni, kuogelea na kupanda bembea. Katika miji mingi, kampuni za tramu zilijenga bustani za burudani mwisho wa njia zao, ili zipate abiria hata siku ambazo watu hawaendi kazini.

Mwaka 1908 kampuni ya Ford ilitoa gari la Model T kwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 300. Mkulima na mfanyakazi wa kiwandani wakaweza kununua gari, na familia ikaamua yenyewe iende wapi na isimame wapi.

Route 66

Mwaka 1926 barabara kuu za nchi nzima zilipewa namba. Iliyopata jina zaidi ni Route 66, iliyotoka Chicago hadi California, karibu kilometa 3,900. Ilipita katikati ya miji midogo, na kila mji ukafungua vituo vya mafuta, gereji, migahawa na moteli, yaani nyumba ya wageni ambayo msafiri huegesha gari mbele ya mlango wa chumba chake.

Burudani nayo ikafuata gari. Mwaka 1933, huko Camden, New Jersey, ilifunguliwa sinema ya kutazamwa ukiwa umekaa ndani ya gari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema kama hizo zaidi ya 4,000. Nairobi na Dar es Salaam nazo ziliwahi kuwa nazo.

Safari haikuwa sawa kwa wote

Kwa Wamarekani weusi, safari hiyohiyo ilikuwa ya hatari. Hoteli nyingi ziliwakataa, migahawa haikuwahudumia, na kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameondoka kabla jua halijazama. Familia zilibeba chakula, blanketi na hata mafuta ya akiba.

Mwaka 1936 Victor Green, mpeleka barua wa Harlem, New York, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoitwa Green Book. Kilitaja hoteli, nyumba za watu binafsi, migahawa na vinyozi waliowapokea weusi. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilipiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa. Miaka michache baadaye kitabu hicho kiliacha kuchapishwa.

Barabara za mwendo wa kasi

Mwaka 1919 ofisa kijana wa jeshi, Dwight Eisenhower, alivuka nchi pamoja na msafara wa magari ya kijeshi. Safari ilichukua siku 62 kwa sababu ya ubovu wa barabara. Alipokuwa rais, mwaka 1956, alitia saini sheria ya kujenga karibu kilometa 66,000 za barabara pana zisizo na taa wala makutano.

Mwaka mmoja kabla ya hapo bustani ya Disneyland ilifunguliwa California, jirani na barabara mpya ya aina hiyo. Sasa familia iliweza kusafiri mbali kwenda kujiburudisha, na bustani nyingi za zamani zikafungwa. Likizo yenyewe, hata hivyo, ilitegemea mwajiri. Hadi leo Marekani haina sheria ya taifa inayolazimisha kampuni kutoa likizo yenye malipo.

Barabara hizo mpya hazikupita katikati ya miji midogo, zilichepuka. Seligman, Arizona, ulipitwa tarehe 22 Septemba 1978. Magari yaliyokuwa yakipita hapo mchana na usiku yalihamia barabara mpya siku hiyohiyo. Mwaka huohuo sheria nyingine iliziruhusu kampuni za ndege kujipangia nauli. Tiketi zikashuka bei, na wengi wakaacha safari ndefu za gari.

Miji iliyoachwa

Mwaka 1985 Route 66 iliondolewa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu. Watu wa Seligman hawakukaa kimya. Mwaka 1987 kinyozi wa mji huo, Angel Delgadillo, na wenzake waliunda chama na kulishawishi jimbo la Arizona liitambue barabara yao kuwa ya kihistoria. Watalii kutoka nchi nyingi wakaanza kuja kuiona, na maduka yakapata wateja tena.

Si kila mji ulipata bahati hiyo. Glenrio, kwenye mpaka wa Texas na New Mexico, ulibaki karibu mtupu. Moteli na kituo chake cha mafuta ni magofu, na barabara mpya inapita karibu kabisa.