Mbali na mabomu ya 1982: Jeti za Nanyuki na moto tuliousahau

Kila Agosti mosi ikikaribia, Nanyuki hurudi magazetini. Siku ya jaribio la mapinduzi la 1982, Koplo Bramwel Njereman aliwashikia marubani bunduki katika kambi ya jeshi la anga, akawaamuru wakailipue Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU. Zikaruka jeti mbili za F-5 na moja ya Strikemaster, koplo akiwa abiria. Meja David Mutua, akijua kwamba mtu huyo hakuzoea misukosuko ya angani, akawaambia wenzake wazipinduepindue ndege. Koplo akazimia. Mabomu yakaachiwa msitu wa Mlima Kenya, na marubani wakarudi Nanyuki salama.

Kisa hicho kimeimeza historia nyingine, ya mafuta yanayochomwa na ndege za eneo hili la mlima. John Carberry, mlowezi wa Seremai, Nyeri, alikuwa na ndege zake tangu miaka ya 1920. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, ndege za Harvard za Uingereza ziliruka kutoka Mweiga kuwashambulia Mau Mau msituni. Zote zilitumia petroli.

F-5, zilizoanza kuwasili 1978, zilikuja na injini ya J85 ya General Electric, inayokubali zaidi ya aina moja ya mafuta. Iliweza kuchoma JP-4, mchanganyiko wa petroli na mafuta ya taa ulioanza kutumika 1951 ili jeshi la Marekani lisikwame kwa uhaba, na pia JP-5 iliyo nzito zaidi.

Uwezo huo si wa bure. Mafuta mazito hunyunyizwa kwa matone makubwa yanayochelewa kuwa mvuke, na injini ikizimikia juu, penye hewa baridi na nyembamba, huwa vigumu kuiwasha tena. Yenye aromatiki nyingi hutoa masizi, na mwali wake huunguza kuta za chumba cha mwako. Ndiyo maana baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, NASA iligharimia utafiti wa vyumba vya mwako vinavyostahimili mafuta ya viwango tofauti.

Swali hilo la mafuta mbadala sasa limefika Kenya. Mei 2023, Kenya Airways ilirusha Boeing 787 kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya kibayolojia ya kampuni ya Eni, ambayo tayari inakamua mbegu za mbarika Makueni.

Nyeri nayo ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kinachofundisha uhandisi wa mitambo. Chuo hicho na serikali za kaunti za mlimani waanze kutafiti mafuta ya ndege kwa kutumia mafuta yanayomwagwa baada ya kukaangia chipsi Karatina na Nanyuki. Kusimulia mabomu peke yake hakutatufikisha popote.