Mgeni njoo, mwenyeji apone: Sababu za kuzuru mbuga za Kenya

KENYA ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikazima biashara ya ngozi, pembe na nyara nyinginezo. Tangu wakati huo, ndovu au simba wa nchi hii hamletei mwenyeji riziki ya halali ila kwa njia moja: kutazamwa akiwa hai.

Kwa hivyo, anayeuliza kwa nini azuru Kenya anastahili kujibiwa mambo mawili. La kwanza ni kile atakachokiona. La pili ni kazi ifanywayo na ada anayoilipa langoni.

Kivutio kinachofahamika zaidi ni Maasai Mara, katika Kaunti ya Narok. Aghalabu kati ya Julai na Oktoba, makundi makubwa ya nyumbu na punda milia huingia humo kutoka Serengeti, Tanzania, yakifuata malisho. Hulazimika kuvuka Mto Mara wenye mamba, huku simba, fisi na chui wakiwavizia ng'ambo. Wageni hufurika msimu huo, lakini simba na duma huonekana Mara mwaka mzima.

Tsavo ni tofauti kabisa. Mbuga zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zilianzishwa mwaka 1948 na kwa pamoja zina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 20,000. Ndovu wa huko huonekana wekundu kwa sababu ya udongo wanaojirushia mwilini. Katika Tsavo Magharibi zimo Chemchemi za Mzima, ambamo viboko huogelea katika maji maangavu. Maji ya chemchemi hizo ndiyo yanayopelekwa kwa mabomba hadi Mombasa.

Amboseli, katika Kaunti ya Kajiado, ni mbuga ndogo, lakini ndovu wake wamechunguzwa na wataalamu mfululizo tangu mwaka 1972, familia moja baada ya nyingine. Asubuhi mawingu yakitawanyika, mgeni huwaona wakipita kwenye vinamasi, Mlima Kilimanjaro ukiwa nyuma yao upande wa Tanzania.

Kaskazini, Samburu ina wanyama walio nadra katika mbuga za kusini. Miongoni mwao ni punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio mapana. Takriban wote waliosalia porini duniani wanaishi kaskazini mwa Kenya, na wachache nchini Ethiopia.

Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wanaishi Najin na Fatu, mama na bintiye, ambao ndio vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa humo Machi 2018.

Hata asiye na nafasi ya kwenda mbali hakosi. Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza ya kitaifa nchini, iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Ina simba, nyati, twiga na vifaru, ingawa haina ndovu wa porini.

Wanyama hawa hawakubakia kwa bahati. Miaka ya sabini na themanini majangili waliwaua ndovu kwa maelfu, na vifaru weusi wakapungua hadi chini ya 400. Ulinzi uliimarishwa baada ya kuundwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 na vifaru weusi 897.

Hata hivyo, hesabu hiyo isiwapumbaze watu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa jumla ya wanyama wakubwa katika maeneo ya malisho ya Kenya ilipungua kwa takriban thuluthi mbili tangu 1977. Sababu ni kwamba wengi wao huishi nje ya mbuga, katika ardhi za watu, na ardhi hizo zinagawanywa, zinajengwa na kuzungushiwa nyua. Upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, nyumba zimeziba sehemu kubwa ya njia za kuelekea nyanda za Kitengela. Kule Kimana, karibu na Amboseli, mzozo ulizuka mwaka 2020 kuhusu shamba la maparachichi lililowekwa katika eneo linalopitwa na ndovu.

Mfugaji ambaye ng'ombe wake ameliwa na simba hawezi kuombwa avumilie bure. Ndiyo maana hifadhi za kijamii, zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 2013, zina umuhimu mkubwa. Kandokando ya Mara, wenye ardhi huunganisha mashamba yao na kuyakodisha kwa kambi za watalii, wakilipwa kodi bila kuuza ardhi. Janga la korona lilipozuia wageni mwaka 2020, kodi hiyo ilipunguzwa katika baadhi ya hifadhi. Hapo ikadhihirika jinsi simba na mfugaji wanavyomtegemea msafiri mmoja.

Funzo lilikuwa wazi: si busara kutegemea wageni wa ng'ambo pekee. Mkenya hulipa ada nafuu kuliko mgeni katika mbuga za kitaifa, na treni ya Nairobi kwenda Mombasa yenye kusimama njiani humshusha Mtito Andei au Voi, karibu na malango ya Tsavo. Miezi ya kiangazi ndiyo bora, kwani nyasi huwa fupi na wanyama hukusanyika penye maji.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyanda za Kenya, mgeni huyo si lazima atoke mbali.