Mkomazi: kijiko cha maji, kibuyu cha maziwa

Kwa Kipare, mko ni kijiko cha mti na mazi ni maji. Ndipo linapotoka jina la Mkomazi: mahali ambapo maji huchotwa kwa kijiko. Aliyepaita hivyo hakutia chumvi. Milima ya Pare na Usambara hukinga mawingu yatokayo baharini, na nyuma yake hubaki nyika ya migunga, mibuyu na vumbi jekundu, hadi inapokutana na Tsavo ya Kenya.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliitangaza nyika hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,200, kuwa pori la akiba. Haikuwa tupu. Upande wa mashariki wafugaji Waparakuyo walikuwa wakichunga ng'ombe, na baadhi yao wakaruhusiwa kubaki. Ruhusa ile ndiyo iliyokuja kubishaniwa mahakamani zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Ufugaji wa huko ulifuata maji. Mvua zikinyesha, madimbwi yanajaa nyikani, majani yanachipua, mifugo inaingia. Madimbwi yakikauka, inarudi chini ya milima kwenye chemchemi na mito. Kwa hiyo ukimfungia mfugaji nyika, hujampunguzia malisho tu. Umemwachia mwaka mzima alishe kwenye kipande kilichokuwa cha kiangazi peke yake, kipande ambacho mkulima naye anakitaka kwa mahindi na maharage.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wengine waliingia, Wamasai wakiwamo, na ng'ombe wakafika makumi ya maelfu. Maofisa wakasema ardhi inaharibika. Wakati huohuo faru weusi walikwisha kabisa na tembo wakabaki wa kuhesabika, ingawa hao walimalizwa na bunduki za majangili, si na kwato za ng'ombe. Mwaka 1988 amri ikatoka: watu wote na mifugo yao waondoke.

Hapo ndipo hesabu ya maziwa ilipopotea, na kwa maoni yangu haijapatikana hadi leo. Kwa wafugaji hawa dume ni la baba, maziwa ni ya mama. Alfajiri mwanamke anakamua, anamimina kwenye kibuyu alichokifukiza kwa kijinga cha moto mpaka ndani kikawa na harufu ya moshi, halafu anashika njia ya kijiji cha wakulima. Maziwa yanageuka unga, chumvi, sukari na majani ya chai. Fedha ile haipiti mkononi mwa mume, wala haikuandikwa na ofisa yeyote wa wanyamapori. Mtafiti Mwingereza Dan Brockington, aliyekaa na wafugaji wa Mkomazi miaka ya 1990, ni mmoja wa wachache waliojishughulisha nayo. Alikuta maziwa ya kuuza yamepungua, na wanawake wamegeukia biashara nyingine, kama kuuza kuni na dawa za miti shamba. Yeye na mwenzake Katherine Homewood walihoji pia ile hoja ya uharibifu: ushahidi kwamba ng'ombe ndio walioiua Mkomazi ulikuwa mchache kuliko sauti za waliodai hivyo.

Wafugaji walikwenda mahakamani. Shauri lilianzia Mahakama Kuu, Moshi, likaishia Mahakama ya Rufani mwaka 1999. Majaji walisema wadai hawakuthibitisha umiliki wa kimila, kwa kuwa kabila lao lilifika eneo hilo baada ya mengine. Ukiifuata hoja hiyo kila mahali, sijui ni wangapi kati yetu tungebaki na kiwanja.

Pori lenyewe lilikuwa likipata wageni. Mwaka 1997 waliletwa faru weusi wanne kutoka Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio wenye ulinzi, na baadaye wakaja wengine hadi kutoka Ulaya. Mbwa mwitu nao wakazalishwa na kuachiwa. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, sitaibeza. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, na mlango wa kurudi ng'ombe ukafungwa kwa kufuli la pili.

Tembo wameongezeka, na tembo hasomi bango la mpaka. Usiku mmoja unatosha kumaliza mahindi ya msimu. Serikali ina utaratibu wake, na jina lake limechaguliwa kwa makini: malipo hayaitwi fidia, yanaitwa kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa umbali. Shamba lililo zaidi ya kilomita tano kutoka mpaka wa hifadhi lilipangiwa shilingi 100,000 kwa ekari. Lililo kati ya nusu kilomita na kilomita moja, shilingi 25,000. Hesabu ikakomea ekari tano, hata tembo wakila kumi. Na shamba lililo chini ya nusu kilomita, lile ambalo mwenyewe huwasikia tembo wakivunja matawi kabla hajalala, halikupangiwa hata senti moja.